Ndugu aliyelala nje miaka mingi Marekani: atafutiwe nyumba ipi, aombewe fedha ipi

Louisville, Columbus, Des Moines, Portland ya Maine: hii ni miji ya Marekani ambako Kiswahili unakisikia dukani, kanisani na kwenye basi. Wapo Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania. Na pembeni mwa jumuiya mara nyingi yupo mtu ambaye wote wanamjua na hakuna anayejua la kumfanyia. Analala shelta, au garini, au chini ya daraja, na hali hiyo haikuanza mwezi huu. Ni mwaka wa pili, wa tatu. Akili haijatulia, au kisukari kimemharibu mguu, au pombe imemteka. Kanisa limechanga, msikiti umechanga, na bado yuko nje.

Kazi yangu ni ukalimani na kusindikiza watu kwenye ofisi za misaada. Namwandikia yule aliyeamua kumshika mkono mtu wa namna hiyo, akafika dirishani na kumiminiwa majina ya programu bila kuelewa ipi ni ipi. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa mtu mgonjwa aliyekaa nje muda mrefu, pigania nyumba ya kudumu yenye huduma, na wiki hiyohiyo mfungulie maombi ya fedha za ulemavu. Usisubiri kimoja kiishe ndipo uanze kingine. Nimeona watu wakipata chumba kisha wakakipoteza kwa kukosa kipato, na wengine wakipata kipato kisha wakaibiwa chote shelta.

Kwanza, je, anahesabika?

HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, ina tafsiri yake ya mtu aliyekosa makazi kwa muda mrefu, na programu iliyo bora kuliko zote imefungiwa humo. Kwa kanuni ya Desemba 2015, mtu lazima awe na ulemavu, uwe wa mwili, wa akili au wa uraibu, na awe amelala mahali pasipofaa binadamu kuishi au kwenye shelta ya dharura kwa miezi 12 mfululizo. Au awe ametoka na kurudi mara nne au zaidi ndani ya miaka mitatu, na vipindi hivyo ukivijumlisha vifike miezi 12. Kwenye hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024, watu 771,480 walikutwa hawana makazi Marekani nzima, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa wa kundi hili.

Hapa ukarimu wetu unagongana na kanuni. Sisi ndugu hatumwachi nje. Tunamlaza sebuleni wiki mbili, anahamia kwa shemeji mwezi mmoja, wanakosana, anarudi mtaani. Siku alizolala kwenye kochi lako hazihesabiki, na zikifika saba zinakata ule mfululizo wa miezi 12. Sisemi umwache kwenye baridi ya Januari. Mlaze, umpe chai ya moto, lakini andika tarehe aliyoingia na aliyotoka, maana ile njia ya mara nne ndani ya miaka mitatu itataka kila kipande kithibitishwe. Hospitali na jela ni tofauti: akikaa humo chini ya siku 90, muda huo haukati kitu, unahesabiwa pamoja na wa mtaani.

Kuhusu ushahidi, ipo kanuni moja yenye huruma ambayo wengi hawaijui. Akionwa na mtoa huduma wa watu wasio na makazi siku moja tu ndani ya mwezi, na ikaandikwa, mwezi mzima unahesabiwa. Kwa hiyo hata kama ndugu yako hataki kabisa kulala shelta, mpeleke mara moja kila mwezi kwenye kituo cha mchana wanakotoa chakula na mahali pa kuoga, aandikishe jina. Kwa kawaida miezi tisa kati ya 12 inatakiwa ithibitishwe na mtu mwingine. Maneno yake mwenyewe yanaweza kubeba iliyobaki.

Mlango wa kuingilia ni simu namba 211. Uliza wapi pa kufanyiwa tathmini ya foleni ya pamoja ya nyumba. Foleni hiyo huwatanguliza walio hatarini zaidi, kwa hiyo usimruhusu ajikaze mbele ya anayeuliza maswali.

Nyumba ya kudumu yenye huduma, au msaada wa kodi wa muda?

Ofisini wanaziita kwa herufi, PSH na RRH, na kwa masikio ya mgeni zinafanana. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

PSH ni chumba au nyumba ambayo mkataba wa upangaji unasomeka kwa jina lake. Haina tarehe ya mwisho. Anachangia kama asilimia 30 ya kipato baada ya makato yanayoruhusiwa. Asiye na kipato halipi kitu, au hulipa kidogo sana. Kuna mhudumu wa kesi anayemfuatilia: dawa, miadi ya daktari, ugomvi na jirani, barua za serikali ambazo hajazifungua.

RRH inalipa amana na kodi kwa kipindi, mara nyingi miezi michache, na haiwezi kuvuka miezi 24. Baada ya hapo kodi yote ni yake. Kwa baba aliyepoteza kazi ya ghala, mwenye afya, anayehitaji kusimama tena, ni msaada mzuri na hutoka mapema. Kwa anayesikia sauti usiku na hajafanya kazi miaka minne, jiulize mwezi wa saba atalipa kwa fedha gani.

Ushahidi wa PSH ni mzito. Sam Tsemberis alianza na wazo hilo New York mwaka 1992: mpe mtu nyumba kwanza, bila kumdai aache pombe au ameze dawa ndipo aingie, kisha mletee huduma mlangoni. Kanada ililijaribu kuanzia 2009 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na waliopewa nyumba walikaa ndani kuliko walioachwa kwenye huduma za kawaida. Denver nao walipima kwa bahati nasibu kuanzia 2016, wakichukua watu waliokuwa wakizunguka kati ya mtaa na jela. Baada ya miaka mitatu asilimia 77 ya waliopata nyumba walikuwa bado wametulia humo, na kukamatwa na polisi kulipungua. RRH haina rekodi kama hiyo kwa wagonjwa wa muda mrefu. Hata kwa familia, utafiti mkubwa wa HUD katika maeneo 12 ulikuta kwamba familia za RRH hazikuishia mbali sana na zile zilizoachwa zijitafutie.

Sasa kasoro za PSH, maana zipo. Nafasi ni chache na foleni inaweza kuwa ya miezi au ya miaka. Tangu Julai 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri inayotaka fedha za serikali kuu ziondolewe kwenye sera ya nyumba kwanza, watoa huduma wengi wana wasiwasi na mikataba yao, na majimbo kadhaa yameipeleka HUD mahakamani kuhusu mgawo wa fedha hizo. Uliza wazi: nafasi zenu mwaka huu zina uhakika gani?

Kasoro nyingine haiandikwi popote, ni upweke. PSH ziko za aina mbili: jengo moja lililojaa wapangaji wa programu, lenye wahudumu humohumo, au nyumba za kawaida zilizotawanyika mjini. Jengo lina faida kwa anayehitaji kuangaliwa kila siku. Lakini mzee asiyejua Kiingereza, akiwekwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo hakuna hata mmoja wa kusalimiana naye, ataanza kurudi shelta kufuata watu. Akipewa uchaguzi, na kama hali yake inaruhusu, mimi ningemwombea nyumba iliyotawanyika, karibu na basi linalofika msikitini au kanisani kwake na duka la unga wa ugali. Hilo liseme siku ya tathmini, lisingoje mpaka funguo zitoke.

Wanaosubiri PSH huulizwa kama watachukua RRH au nyumba ya mpito kwa sasa. Majibu ya maswali hayo mawili ni tofauti. Aliyeingia RRH hapotezi hadhi yake ya kukosa makazi kwa muda mrefu. Anaweza kuhamishiwa PSH nafasi ikitokea. Aliyeingia nyumba ya mpito, ile ya kukaa hadi miezi 24 kwa masharti ya programu, anahesabiwa hayuko tena mtaani wala shelta, na hadhi inapotea. Nyumba ya mpito inaweza kumfaa kijana au mama anayekimbia kipigo. Kwa mgonjwa wa miaka mingi, ningeikataa mpaka mtu wa foleni ya pamoja anieleze kwa maandishi itamgharimu nini.

Vocha ya Section 8

Vocha hii, ya serikali ya kulipia sehemu ya kodi ya nyumba, ndiyo inayojulikana zaidi katika jumuiya zetu, kwa hiyo wengi huikimbilia kwanza. Hesabu ya kodi inakaribia kuwa ileile, na anaweza kuhama nayo. Lakini haiji na mhudumu, orodha za kusubiri hufungwa kwa miaka, na Marekani nzima ni kama familia moja kati ya nne zinazostahili ndiyo inayopata msaada wa kodi. Akiipata, ana siku 60 au zaidi kidogo za kutafuta mwenye nyumba atakayeipokea, na anayetafuta bila simu wala rekodi ya upangaji huishia kuipoteza. Mwandikishe orodha ikifunguliwa, lakini usiiwekee matumaini yote. Ikiwa aliwahi kulitumikia jeshi la Marekani, acha haya yote na uulizie HUD-VASH kwanza, ambayo inaunganisha vocha na wahudumu wa idara ya wanajeshi wastaafu.

SSI au SSDI?

Zote mbili ni fedha za ulemavu, zote mbili hutolewa na ofisi ya Social Security, na kipimo cha ugonjwa ni kimoja: asiweze kufanya kazi ya maana kwa sababu ya maradhi yatakayodumu angalau miezi 12 au kumfikisha kwenye kifo. Tofauti iko kwenye historia ya mtu.

SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security. Kwa mtu mzima, kwa kawaida inatakiwa awe amefanya kazi kama miaka mitano kati ya kumi iliyopita. Kijana huhitaji miaka pungufu ya hiyo. Kiwango kinatokana na mishahara yake. Haijali ana akiba kiasi gani benki. Ila malipo huanza baada ya miezi mitano kamili ya ulemavu, na bima ya Medicare hufuata miezi 24 baadaye.

SSI ni ya asiye na kitu, awe amefanya kazi au hajafanya. Mwaka 2026 kiwango cha serikali kuu ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na baadhi ya majimbo huongeza kidogo. Hairuhusu awe na mali inayozidi dola 2,000, ingawa nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Hailipi miezi ya nyuma kabla ya maombi. Kwenye majimbo mengi inakuja papo hapo na Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Usichague kwa kubahatisha. Omba zote mbili kwa mpigo. Mtu aliyechinja nguruwe kiwandani Iowa miaka sita kabla ya kuugua anaweza kustahili SSDI bila kujua. Na huo mlango hujifunga: kwa kawaida kama miaka mitano baada ya kuacha kazi, bima ya SSDI inakwisha, na daktari atalazimika kuthibitisha kwamba ulemavu ulianza kabla ya tarehe hiyo. Kwa aliyekaa mtaani muda mrefu, kila mwezi wa kuahirisha unaweza kuwa ndio uliomwondoa.

Piga simu Social Security, 1-800-772-1213, useme ndugu yako anataka kuomba. Siku hiyo ya simu inaweza kushikwa kuwa tarehe ya maombi, mkapewa siku 60 za kukamilisha fomu, na malipo ya SSI yakahesabiwa kuanzia mwezi unaofuata. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yake na ni bure. Asiye na anwani naye anaomba; atumie anwani ya shelta au ya shirika linalompokelea barua. Usitumie anwani ya nyumbani kwako kama haishi kwako, kwa sababu utakuwa umeandika kwa mkono wako kwamba ana mahali pa kuishi.

Neno kuhusu michango. Harambee ya dola 3,000 ikiingia mkononi mwake au kwenye akaunti yake, ni kipato cha mwezi ule, na ikibaki mwezi unaofuata ni mali inayovuka kikomo. SSI inasimama. Jumuiya imefanya wema na matokeo yake ni barua ya kudaiwa fedha irudishwe. Chakula hakina tatizo hilo. Tangu Septemba 30, 2024, Social Security iliacha kuhesabu chakula cha msaada. Kwa hiyo mpelekeeni vyakula, mnunulieni blanketi, koti, viatu, nauli ya basi, na fedha taslimu ziacheni mpaka mmemuuliza anayesimamia maombi yake.

Nani aandike maombi?

Njia ni tatu: mwenyewe na nyinyi ndugu, wakili, au mhudumu wa SOAR. Kwa mtu wa mtaani, tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya SSI na SSDI.

Waombaji wa kawaida wanaokubaliwa mara ya kwanza ni kama theluthi moja. Walio mtaani wakiomba peke yao hukubaliwa wachache zaidi, kwa sababu barua zinapotea, miadi ya daktari inapita, na faili linafungwa kwa kukosa ushirikiano. SOAR ilianzishwa kwa ajili yao. Inaendeshwa kwa msaada wa SAMHSA, idara ya serikali kuu ya afya ya akili na uraibu, tangu 2005: wahudumu wa kesi wanafundishwa kuandaa maombi ya SSI na SSDI kwa watu wasio na makazi, na kwa miaka mingi karibu theluthi mbili ya maombi yao yamekubaliwa mara ya kwanza, mara nyingi ndani ya miezi michache. Ni bure.

Wakili anafanya kazi nzuri, ila mahali pengine. Malipo yake ni asilimia 25 ya malimbikizo, kikomo kikiwa dola 9,200, na hulipwa akishinda tu. Wengi huingia kwa nguvu baada ya maombi kukataliwa, kesi inapopanda kwa hakimu wa Social Security. Kama ndugu yako tayari ana barua ya kukataliwa, tafuta wakili au ofisi ya msaada wa sheria ndani ya siku 60 za kukata rufaa. Kama bado hajaomba, tafuta SOAR kwanza.

Kinachoifanya SOAR ifaulu ni kazi ya mikono. Mhudumu anajaza fomu SSA-1696 ili barua za Social Security zimfikie yeye pia. Anakusanya rekodi za hospitali mwenyewe. Kisha anaandika ripoti ya kurasa kadhaa inayoeleza maisha ya mtu: alizaliwa wapi, alisoma mpaka wapi, vita, kambi, kazi, ugonjwa ulianza lini, siku yake inapitaje. Daktari au mwanasaikolojia akiisoma na kuitia saini, inakuwa ushahidi wa kitabibu.

Kwenye ripoti hiyo, upande wa akili, kuna mambo manne yanayopimwa: kuelewa na kukumbuka, kuhusiana na watu, kushika jambo moja bila kuliacha, na kujimudu mwenyewe. Na hapo ndipo wazee wetu wanapojiangusha. Mfano wa mazungumzo ya aina niliyoyakalimani mara nyingi: anaulizwa, "Unapika mwenyewe?" Anajibu, "Napika." Mhudumu asiyemjua anaandika kwamba anapika. Mhudumu mzuri anaendelea: mara ya mwisho ulipika nini? Ugali. Lini? Kimya. Ulikuwa peke yako? Hapana, alikuwepo Mama fulani. Kwa nini? Kwa sababu wakati uliopita mzee mwenyewe aliacha jiko linawaka akatoka nje, hakujua ametoka. Ndani ya dakika tano "napika" imekuwa kitu kingine kabisa. Mtu huyo hakudanganya mwanzoni. Alilelewa asilie shida mbele ya wageni, na hasa mbele ya afisa.

Wewe ndugu una kazi hapa ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Mhudumu atakuuliza. Usimpambe mgonjwa wako kwa kumwonea haya, wala usiongeze chumvi. Sema ulichokiona: kwamba haogi mpaka aambiwe, kwamba alipewa kazi ya kufagia akaiacha siku ya tatu, kwamba akisikia gari la zimamoto anajificha. Andika na miaka.

Jambo la uraibu liwekwe wazi mapema. Tangu 1996 sheria haimlipi mtu ambaye ulemavu wake ungekwisha kama angeacha pombe au dawa za kulevya. Mwenye ini lililoharibika, au mwenye kichaa kinachoendelea hata wiki anazokuwa hajanywa, anastahili. Rekodi za vipindi ambavyo hakunywa, kama vile wiki alizolazwa hospitali, zina thamani kubwa sana, ziombe kwanza.

Karatasi za uhamiaji zinabadilisha jibu

Raia hana shida hapa. Mkimbizi aliyepokelewa na Marekani, au aliyepewa hifadhi, anastahili SSI kwa miaka saba tu tangu apewe hadhi hiyo, na grini kadi peke yake hairefushi muda huo. Mkongomani aliyefika kama mkimbizi 2019, miaka yake saba inakwisha 2026. Dawa ni uraia, ambao mkimbizi mwenye grini kadi anaweza kuuomba miaka mitano tangu alipoingia nchini. Mgonjwa asiyeweza kujifunza Kiingereza wala historia ya Marekani kwa sababu ya ulemavu ana fomu ya daktari, N-648, inayomwondolea mtihani huo. Daktari yuleyule wa ripoti ya SOAR mara nyingi ndiye wa kumwomba. Asiyekuwa mkimbizi, aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa, kwa kawaida anahitaji robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, ndipo SSI imfungukie.

SSDI haina saa ya miaka saba, maana inatokana na kazi. Ndiyo sababu nyingine ya kuomba zote mbili.

Sheria ya Julai 2025 imewabana wakimbizi na waliopewa hifadhi upande mwingine: SNAP, yaani fudistempu, hawaipati mpaka wawe na grini kadi, na kuanzia Oktoba 1, 2026 ni vivyo hivyo kwa Medicaid. Misaada ya nyumba ya HUD haikuguswa na sheria hiyo. Kwa hiyo kwa mkimbizi asiye na grini kadi, ombi la grini kadi limekuwa sehemu ya kutafuta chakula na dawa, na liende sambamba na mengine. Ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa amuone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote ya msaada.

Medicaid na fudistempu

Haya hayahitaji kuchaguliwa. Mwenye haki achukue yote. Kwenye majimbo 40 yaliyopanua Medicaid, zikiwemo Kentucky, Ohio, Iowa na Maine, ufukara peke yake unamwingiza mtu mzima, kwa hiyo omba leo na upate rekodi za daktari zitakazojenga maombi ya SSI. Texas, Tennessee na Georgia hazikupanua. Huko SSI ndiyo njia kuu ya mgonjwa mtu mzima kufika Medicaid, na kliniki za afya za watu wasio na makazi zitambeba kwa sasa.

SNAP haitaki anwani wala jiko, na asiye na kitu anaweza kuipata ndani ya siku saba. Lakini ile ruhusa ya watu wasio na makazi kutobanwa na sharti la kazi imefutwa na sheria ya 2025. Asiyeweza kufanya kazi apeleke barua ya daktari, la sivyo ataondolewa baada ya miezi mitatu.

Asipotaka chochote

Wapo wanaokataa. Unamwambia nyumba, anasema nyumba zina kamera. Unamwambia daktari, anaondoka. Hapa nachagua PSH tena, kwa sababu haimdai atibiwe ili aingie, na nachagua mhudumu mmoja wa mtaani anayerudi mahali palepale kuliko ofisi tano zinazomwita. Anza na kadi. Cheti cha kuzaliwa au karatasi ya ukimbizi, kadi ya Social Security na kitambulisho cha jimbo huchukua wiki nyingi kupatikana, na nafasi ya nyumba ikitoka huwa hawasubiri. Wengi waliokataa kila kitu hukubali kwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Nakala zake weka kwako, maana zake zitapotea, na mpe mhudumu seti nyingine.

Akikubaliwa SSI na huoni kama ataweza kushika fedha, Social Security itateua msimamizi wa malipo. Anaweza kuwa ndugu, anaweza kuwa shirika. Ndugu anajua mahitaji, lakini anageuka kuwa mtu wa kudaiwa kila Ijumaa, na nimeona undugu ukivunjika kwa dola 40. Kama kuna shirika linaloaminika mjini kwenu, liachieni kodi na bili, nanyi mbaki kuwa watu wake wa Jumapili na wa Idi.